Mwalimu Alipokata Zulia

Mwalimu wetu wa Kiingereza hufunga vifungo vyote vya shati, hata kile cha shingoni, na chaki huishika kwa leso ili asichafuke. Hacheki wala hafoki. Ukikosea neno moja tu, husema kwa sauti ileile ya chini: "Rudia tangu mwanzo." Jana tulikuta kitabuni watu "wanakata zulia". Alitueleza kuwa Waingereza husema hivyo kwa mtu anayelisakata dansi kwa mbwembwe mpaka wenzake wanampisha. Anayetikisa mabega kwa haya pembeni, huyo hajakata kitu.

"Mbwembwe za namna gani, Mwalimu?" mmoja wetu akamchokoza.

Akaweka chaki mezani, akafungua kifungo cha shingoni, akazunguka mara mbili mbele ya ubao, kiuno kimelegea, viatu vikiteleza sakafuni. Mlangoni alikuwa amesimama karani wa shule, ambaye ni mkewe, mafaili kifuani.

"Mguu wa kushoto umechelewa," alisema. "Rudia tangu mwanzo."

Mwalimu akamtazama, akafungua kifungo cha pili, akarudia.