Kampuni ya Mahamri na Wakurugenzi Wanne

Mnunuzi wa hoteli alikuja mwenyewe nyumbani kwa shangazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu shangazi aanze kuipelekea hoteli ile mahamri ya kifungua kinywa. Kwa kawaida mahamri ndiyo yaliyomwendea mnunuzi. Yalitoka Ukunda kwa tuktuk baada ya swala ya alfajiri na kufika mlango wa nyuma wa hoteli, huko Diani, yangali ya moto. Siku hiyo mnunuzi, kijana wa bara ambaye hakuwa na muda mrefu pwani, alisimama barazani akiwa amekumbatia kishikwambi kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Mathe, shida si mahamri," alisema. "Mahamri yako iko sawa kabisa. Shida ni sistimu. Kuanzia mwezi ujao, kama hakuna risiti ya kielektroniki, sistimu inakataa."

"Inakataa mahamri?"

"Inakataa wewe."

Shangazi alimtazama kwa upole unaotisha. "Kwanza, mimi si mathe. Pili, huyo sistimu ashawahi kuyaonja?"

"Sistimu haili kitu, mathe. Mama, pole. Mama."

Hoteli ndiyo iliyochukua karibu kila kilichotoka katika karai la shangazi. Majirani na watoto wa shule walionunua dirishani walimpa salamu nyingi na faida kidogo, na pasipo hoteli asingeweza hata kurudisha pesa ya unga. Kwa hiyo, mnunuzi alipoondoka, swali lilikuwa moja tu: risiti ipatikane kabla ya mwezi kwisha, au moto uzimwe.

Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani kwa sababu ambazo familia ilinistahi kwa kutoniuliza. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa imerudishwa na watahini pamoja na maelezo marefu kuliko sura yake ya kwanza. Mmoja wao aliniuliza, mbele ya watu, swali ambalo mpaka leo ninalijibu kwa ufasaha mkubwa kila ninapokuwa bafuni. Kwa shangazi, hata hivyo, mtu aliyesoma ni kama jembe: likiwa limelala, si kwamba ni bovu, limekosa shamba.

"Hili ndilo shamba lako," akaniambia, akarudi jikoni.

Niliisoma sheria kama ambavyo ningepaswa kuisoma tasnifu yangu. Niligundua kwamba anayetaka kusajili biashara huwekewa milango miwili. Wa kwanza ni jina la biashara: mtu mmoja husajili kazi yake, na sheria humwona yeye na kazi yake kuwa kitu kimoja. Wa pili ni kampuni, ambayo ni kiumbe kamili, chenye uwezo wa kumiliki, kushtaki, kushtakiwa na kufa, ingawa si kwa urahisi. Mtu mwenye akili ya kawaida angeuliza kuna haja gani, kwa mwanamke mmoja na karai moja, kuzaa kiumbe. Mimi nilijiuliza: itakuwaje mgeni akipaliwa?

"Chukulia mtalii amepaliwa na hamri akafa," nilimweleza shangazi. "Jamaa zake wakishtaki, na biashara ni jina lako tu, watakuja kuchukua nyumba."

"Hamri langu limuue mtu?"

"Ni mfano, shangazi."

"Tafuta mfano mwingine. Tumia mkate wa dukani."

Hata hivyo, neno la nyumba lilimwingia, na kampuni ikaamuliwa.

Siku ya Ijumaa tulikuwa na wageni. Ami yangu mkubwa, nduguye shangazi, alikuwa amekuja kutoka Ramisi. Wifi yake shangazi, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amevuka kutoka Mkwiro kwa matibabu ya macho, akapitia kutujulia hali. Tuliketi kuzunguka sinia la wali wa nazi na samaki. Ni hapo, kwa uangalifu wangu wote, nilipochagua kuuliza wenye kampuni watakuwa nani.

Sharti nieleze desturi yetu, maana kila kilichofuata kilitoka humo. Kwetu mtu hali pasipo kumkaribisha anayepita, na anayepita hujibu "starehe", akaendelea na njia yake. Mkaribishaji hakutaka kugawa chakula, na mpita njia hakutaka kula, na wote wawili huachana wakiwa wameheshimiana. Asiyekaribisha ni mchoyo. Anayekubali mara moja hana mlezi.

"Kampuni ni yetu sote," alisema shangazi, akimmegea wifi yake samaki. "Kaka yumo, wifi yangu yumo. Mimi si wa kula peke yangu."

Hapo wageni walipaswa kusema starehe. Lakini wote wawili walikuwa wamekwisha nawa, na wali ulikuwa vidoleni. Na mtu mwenye tonge mkononi hawezi kuikataa karamu.

"Alhamdulillahi," alisema ami. "Tutie, mwanangu."

"Mola awazidishie," alisema wifi. "Nami nimo."

Maneno yale yalikuwa adabu. Mimi niliyapeleka serikalini. Kabla sinia halijaondolewa nilikuwa nimeandika katika simu wakurugenzi wanne wenye hisa sawa: shangazi, ami, wifi, na mimi, ambaye sifa yangu pekee ilikuwa kuishika simu.

Kila mkurugenzi alitakiwa kuwa na nambari ya ushuru, picha ya uso usiocheka, na simu ya kupokelea nambari ya siri ya kuthibitisha kwamba amekubali. Wifi alikuwa amekwisha rudi Mkwiro, na simu yake ilishinda ikichajiwa dukani kwa jirani, hivyo kila nambari ilikufa kabla hajaifikia, mpaka siku alipokwenda kuisubiri palepale dukani. Ami alikuwa na simu mkononi, ila alikuwa na mawaidha ya redio kichwani.

"Nambari ya siri hasomewi mtu," aliniambia kutoka Ramisi.

"Ami, ni mimi. Mwana wa nduguyo."

"Ndivyo wasemavyo wote."

Aliniuliza jina la babu mzaa babu, kisha akaisoma nambari kwa mnong'ono, kana kwamba serikali isingeisikia nambari iliyoituma yenyewe.

Cheti kilipotoka nilikichapisha kwa rangi. Shangazi alikitazama mbele na nyuma.

"Imekwisha?"

"Imeanza," nilijibu.

Maana kampuni ikizaliwa huanza kudai kama mtoto mchanga. Ilitaka nambari yake ya ushuru. Ilitaka kutajiwa aina za kodi ambazo haikuwa na kipato cha kuzilipia, na ahadi kwamba itakiri kila mwaka, hata kama haikupata kitu, kuwa haikupata kitu. Ilitaka pia orodha ya wamiliki halisi, nami nikawaandika kwa mkono usiotetemeka, ijapokuwa wamiliki wasio halisi walikuwa watatu kati ya wanne. Nilipanda Kwale kutafuta kibali cha kaunti. Afisa mpole aliniuliza biashara ni mgahawa, duka au kiwanda. Nikafikiri kwa muda mrefu, foleni ikikohoa nyuma yangu, tukakubaliana kiwanda kidogo. Shangazi aliposikia kwamba yeye ni kiwanda alifagia ua mara mbili.

Kisha zikaja habari za vipimo vya afya kwa kila anayeshika chakula cha kuuza, na jinsi zilivyofika Ramisi sijui. Ami alipiga simu.

"Nimesikia mkurugenzi anapeleka choo hospitali."

"Ni mpishi tu, ami. Mwenye hisa hapimwi."

"Basi mimi sijapata kupika maishani mwangu. Liandike hilo."

Haya yote tuliyavuka. Tulichoshindwa kukivuka ni benki. Hoteli isingelipa ila katika akaunti yenye jina lile lile lililo katika risiti, na benki isingefungua akaunti ya kampuni mpaka wakurugenzi wote wafike pamoja na kutia sahihi. Nikawapigia. Ami alisema atafika, inshallah. Wifi alisema kuna haja gani ya kuuliza, ni wajibu wake, inshallah. Siku ya miadi mimi na shangazi tuliketi benki tangu milango ifunguliwe. Ami alikuwa amepata mgeni ghafla. Wifi macho yalikuwa yamemzidi, na nilipomwombea afya alinishukuru kwa dua ndefu kuliko safari yenyewe. Tukapanga siku nyingine, ikapita vivyo hivyo. Adabu yetu haina neno la "hapana". Ina siku, na siku hizo hazifiki.

Mwezi ulikuwa ukingoni mnunuzi alipotuma ujumbe wa sauti. "Mama, Jumatatu mimi naanza na mkate. Si kupenda kwangu." Shangazi aliusikiliza hadi mwisho, akausikiliza tena. Kisha akaenda dukani kumwambia mwenye duka asimwekee unga wa wiki ijayo. Alirudi, akaketi jikoni, hakuwasha chochote. Sikuwahi kumwona ameketi jikoni.

Nilifanya nilichojua. Niliandika Ilani ya Mkutano wa Dharura wa Kampuni, yenye ajenda na vifungu vya sheria, nikaitia katika bahasha na kuwapelekea wahusika kwa mkono wa watu. Kwetu bahasha huleta mambo mawili: wito wa mahakama au talaka. Siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri, wakurugenzi wote walikuwa barazani. Hawakuzuiwa na mgeni wala macho.

"Umeniita kwa karatasi?" ami alimuuliza shangazi kabla hajavua viatu. "Mimi, nduguyo?"

"Sikukuita mimi. Imekuita kampuni."

"Kampuni ni nani?"

"Ni wewe!"

Ami akakaa. Wifi, ambaye alikuwa akizungusha bahasha yake mikononi, alisema kwa sauti ndogo, "Wifi, nikwambie kweli. Miye siku ile nilidhani wanikaribisha tu."

"Nilikukaribisha tu!"

Paka alipita barazani na kila mtu akamtazama paka.

"Hata mimi?" ami aliuliza.

"Hata wewe. Nilitaraji mkatae."

"Tukatae vipi, na wali tushaushika?"

"Wewe kaka hukatai kitu ukiwa na wali mkononi. Tangu utotoni."

"Na wewe hukaribishi mpaka uone watu wameshiba. Tangu utotoni!"

Wifi ndiye aliyecheka kwanza, akaficha uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Shangazi akafuata. Walipomaliza, wote watatu waligeuka kunitazama.

"Na huyu?" aliuliza ami.

"Huyu kaandika," alisema wifi, kama anayetaja ugonjwa.

Nilianza kuwaeleza utaratibu wa kujitoa: barua ya kujiuzulu, hati ya kuhamisha hisa, taarifa kwa msajili, marekebisho ya orodha ya wamiliki halisi. Shangazi aliinua mkono.

"Ngoja. Mahamri nayapika na nani?"

"Peke yako, shangazi."

"Na serikali haina mlango wa mtu wa peke yake?"

Nilisema upo. Aliuliza uko wapi. Nilisema ni ule wa kwanza.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Na mtalii wako akipaliwa?"

"Uwezekano wake ni mdogo," nilisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kulitamka neno hilo bila kuongeza "hata hivyo".

"Basi fungua," alisema, akaenda dukani kumwambia mwenye duka amwekee unga.

Nambari yake mwenyewe ya ushuru, aliyokuwa nayo tangu zamani, ilitosha kwa risiti. Nambari ya kuthibitisha iliingia katika simu yake mwenyewe, naye akanisomea baada ya kunikagua usoni. Akaunti yake ya miaka yote ilikuwa na jina lake, kama ambavyo risiti ingekuwa nalo. Jina la biashara lilifuata kabla wiki haijaisha; kibali cha kaunti tulikuja kukibadilisha baadaye. Kampuni haikufa. Kuiua kunahitaji ilani, ithibati ya ushuru na sahihi za wakurugenzi wote, kwa hiyo ingali hai, na kila mwaka mimi huitangazia serikali kwamba haikupata kitu. Ami, tangu alipohakikishiwa kuwa haina kazi, ameipenda sana. Amechongesha mhuri Msambweni na hujitambulisha arusini kama mkurugenzi.

Jumatatu ile nilimsindikiza shangazi kwa tuktuk mpaka Diani. Nyuma ya hoteli palikuwa na kreti za mkate wa kukata zilizokwisha shushwa, na mnunuzi alisimama kando ya kreti hizo kwa haya. Shangazi aliweka beseni pajani, akatoa simu na kuanza kuandika risiti kama tulivyofanya mazoezi. Programu ilimtaka achague bidhaa katika orodha. Palikuwa na mikate, keki na biskuti. Mahamri hayakuwapo.

"Subiri, shangazi," nilisema. "Hamri likitazamwa kwa makini haliokwi, hukaangwa, na kwa upande wa ushuru inawezekana kabisa kwamba..."

Alibonyeza "mikate".

Mnunuzi alikiinamia kishikwambi chake. Kiduara kilizunguka, kikazunguka tena, na shangazi alisoma kitu kwa midomo tu.

"Imeingia," alisema mnunuzi. "Mama, imeingia!" Akamwita mtu wa jikoni aje arudishe kreti garini, kisha akakunja uso juu ya kioo. "Lakini hapa mbona imeandika mkate?"

"Kijana," alisema shangazi, "pokea beseni, laniunguza."