Nani Kaligusa Kabati la Mashuka?

Shangazi yangu alikuwa na mashuka mengi kuliko gesti aliyoifanyia kazi, na sisi tuliokuwa tukiishi naye tulilalia yaliyochanika. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani natania. Kabati la chumbani kwake lilijaa mashuka mapya mpaka milango ikawa haifungi bila kusukumwa na goti. Yaliyokosa nafasi kabatini yalikuwa kwenye masanduku mvunguni mwa kitanda, na yaliyokosa nafasi mvunguni yalipandishwa juu ya kabati na kufunikwa magazeti. Mengine hayakuwahi kutoka kwenye nailoni yake. Ukimuuliza ni ya nini, alikujibu neno moja tu: akiba. Ukiuliza akiba ya nini, alikutazama kuanzia utosini hadi unyayoni, na tangu hapo ukawa mshukiwa.

Kushuku ndiko kulikomweka mjini. Muuza maziwa alitia maji, hata siku ambazo hakutia. Jirani akimsalimia kwa bashasha, kuna kitu anakitaka; akimsalimia kwa mkato, basi ameshakichukua. Mimi, mtoto wa kaka yake, nilipokuja kuomba chumba cha uani ili nifanye kazi yangu ya ususi, alinikaribisha kwa moyo mkunjufu, akanipikia, kisha akahamisha sanduku moja la mashuka kutoka ukutani upande wangu.

Ujana wake wote na utu uzima wake uliishia kwenye chumba cha dobi nyuma ya ile gesti, chumba chenye sakafu ya saruji isiyokauka na mvuke wa pasi unaokufanya ukohoe. Alifua mashuka waliyolalia watu asiowajua, na alikuwa na maoni kuhusu kila doa. Huko ndiko alikopata tabia ya kununua shuka kila alipopata mshahara, maana aliapa kwamba hataishia kulala kwenye shuka ambalo mtu mwingine ameliacha. Na huko ndiko alikojifunza kukunja. Alikunja kwa urefu, akakunja tena, upindo ukaingia ndani, kisha akabana kila kona kwa vidole mpaka ikawa kali. Alituambia kwamba kila dobi ana mkunjo wake, na kwamba pale kazini angeweza kupita mbele ya rafu na kukwambia shuka hili kakunja fulani, na alikuwa amekasirika.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mwanawe wa pekee, binamu yangu, alikuwa fundi wa friji, mtu mpole ambaye mama yake akikohoa tu anaomba radhi. Mkewe, wifi yangu, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, mashati ya shule hasa, na hakuwa mtu wa maneno kwa sababu muda mwingi midomo yake ilikuwa imebana pini. Watu walimletea vitambaa vyao kutoka mitaa ya mbali kwa sababu moja: ukimpa kitambaa, hata vipande vinavyobaki anakurudishia kwenye mfuko.

Kila Jumamosi Shangazi alitoa sehemu ya mashuka yake, akayakung'uta uani, akayakunja upya na kuyarudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kusaidia. Alisema tunayachafua kwa macho.

Jumamosi moja jioni akaniita chumbani.

"Ingia. Funga mlango. Hapana, funga vizuri." Akaweka shuka jeupe kitandani. "Unaona nini?"

"Shuka, Shangazi."

"Shuka! Hilo hata kipofu analiona. Angalia kona."

Nikaangalia. Kona moja ilikuwa imechomoza nje, imelegea, na upindo umepinda upande.

"Huu si mkunjo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Na si hili peke yake. Kuna mtu anafungua kabati langu."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo ninao hapa shingoni, silali bila huu. Lakini mume wake ni fundi, hashindwi kuchonga mwingine."

"Mume wake nani? Mume wake si mwanao?"

"Ndiyo maana namjua."

Nikamuuliza kama mashuka yamepungua. Akasema hayajapungua, na hapo ndipo ulipo ujanja wenyewe: mtu anachukua yale mazito mazuri, anarudisha mepesi ya mnadani, ili hesabu isipotee. Na nani ndani ya nyumba hii ana haja ya kitambaa cheupe? Akanyoosha kidevu kuelekea barazani, ambako cherehani ilikuwa ikilia.

Nilitaka kucheka, lakini alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Tangu siku ile, na mimi nikaanza kumtazama wifi kwa jicho la pembeni. Niliona vipande vyeupe chini ya cherehani. Vilikuwa vya mashati, najua, vilikuwa hapo siku zote, lakini sasa kila nikivipita navihesabia ubaya.

Shangazi akaanza kutega. Akapaka poda ya mtoto kwenye mpini wa kabati ili mwizi aache alama. Poda haikuguswa, na bado, Jumamosi iliyofuata, akakuta makona yamechomoza. Mtu mwingine angejiuliza. Yeye alisema mwizi huyu ni hatari kuliko alivyofikiri, kwa sababu anaiba, anarudisha, halafu anapaka poda upya. Akabadilisha kufuli. Akawa anakunywa chai amekaa mlangoni mwa chumba chake, kikombe mkono wa kulia, na mara mbili tatu nilimwona akikiweka chini ghafla na kugeuka nyuma.

Kama angeishia kulinda mlango wake, tungevumilia. Lakini alikwenda kwenye duka la kona. Mwenye duka yule ana masikio mawili na midomo kumi. Shangazi hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba siku hizi ukiwa na fundi wa nguo ndani ya nyumba, heri ulale umekumbatia shuka lako.

Haikuchukua muda. Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akasema ameghairi, mtoto bado ana shati. Kesho yake akaja mwingine, yeye ameghairi pia. Wa tatu hakuja mwenyewe, alimtuma dada yake, na yule dada akapima kitambaa kwa mkono palepale barazani, mbele ya wifi, kuona kama kimetimia.

Wifi alitoa pini mdomoni, zote, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Akaingia ndani.

"Mama, umewaambia nini watu?"

"Kwani umesikia nini?"

"Sijasikia, nimeona. Wamenipimia kitambaa."

"Basi kawaulize wao," alisema Shangazi. "Mimi nimesema mashuka yangu yanaguswa. Wewe mbona umeruka?"

Wifi hakulia wala kupiga kelele. Alimwambia mumewe kwamba jina la fundi cherehani likishasemwa hivyo hana kazi tena mtaa huu, na hawezi kula kwenye nyumba inayomwita mwizi. Anarudi kwao. Binamu yangu akaenda kwa mama yake, akarudi kwa mkewe, akaenda tena kwa mama yake, na kote huko hakusema lolote la maana. Nilimkasirikia mpaka nikashindwa kumpikia. Jumapili mchana begi la wifi likawa mlangoni, na cherehani imefungwa kamba tayari kwa kubebwa.

Ndipo Shangazi akatoka na shuka mkononi, lile lenye kona iliyochomoza.

"Sitaki iwe nimemfukuza mtoto wa watu kwa dhana," alisema. "Akunje shuka hapa mezani, mbele yetu. Mkono wa mtu haudanganyi. Mkunjo ukiwa tofauti na huu, nitanyamaza."

"Na tukunje wote," nikasema, kwa hasira zaidi kuliko busara. "Wote tunaishi humu."

Akatoa mashuka mengine. Wifi akaanza. Alikunja kama wakunjavyo mafundi wa nguo, anafuata uzi wa kitambaa, pembe juu ya pembe, na lilipomalizika lilikuwa nadhifu kiasi kwamba Shangazi alilitazama kwa kitambo. Halikufanana hata kidogo na lile la mwizi. Binamu yangu akalibiringisha lake kama turubai. Mimi nikalikunja langu, na Shangazi akainama kulikagua, akainua kichwa, nikaona anasikitika kwamba si mimi.

"Mnajifanya," alisema. "Mnakunja vibaya makusudi, kila mtu namna yake. Ngojeni niwaonyeshe shuka linavyokunjwa, halafu mrudie."

Akalichukua la kwake. Akakunja kwa urefu. Akakunja tena. Akaingiza upindo ndani, na alipofika kwenye kona ya kushoto akabana, na kona ikateleza ikatoka. Akalikung'uta, akaanza upya. Kona ikatoka. Mara ya tatu alikunja polepole, ulimi umeng'atwa, na sote tukaviona vile vidole vya mkono wa kushoto. Vilikuwa vinafika kwenye kitambaa, vinalala juu yake, havibani.

Akaliweka mezani kando ya lile la mwizi. Yalikuwa mamoja.

Nilisubiri aseme kitu, maana Shangazi hakuwahi kukosa mtu wa kumlaumu. Aliutazama mkono wake, akautazama tena, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa. Mimi pia niliogopa, na ile hasira yangu yote ikakosa pa kukaa.

Wifi ndiye aliyemsogelea. Akaushika ule mkono.

"Nibane kidole, Mama."

"Nimekibana."

"Bado."

"Nimekibana, nakwambia."

Wifi akageuka kwa mumewe. "Tafuta gari. Hospitali, sasa hivi." Sijui alipata wapi moyo ule. Begi lake lilikuwa bado mlangoni, tukalirusha pembeni ili tupite.

Barabarani Shangazi akasimama. Binamu alikuwa ameshafungua mlango wa gari, anamwita. Yeye akageukia duka la kona.

"Huko kwanza."

"Mama, hatuna muda," wifi akasema. "Mambo ya dukani yatangoja."

"Hayangojei. Mkono umeshanitoroka, na sijui kama ulimi utanisubiri mpaka nirudi."

Akavuka barabara, sisi nyuma yake. Dukani kulikuwa na watu, na miongoni mwao yule mama wa kwanza aliyeghairi, amepakata kitambaa chake, bado hajampata fundi mwingine. Mwenye duka akaanza kumsalimia kwa bashasha. Shangazi alimvuta wifi kwa mkono wa kulia mpaka akamsimamisha mbele, wateja wote wakamwona, kisha kwa mkono huohuo akaunyanyua ule wa kushoto, akauweka juu ya kaunta, katikati ya mizani na mikate.

"Yule mwizi wa mashuka tumempata," alisema kwa nguvu. "Ni huyu hapa, mkono wangu mwenyewe. Mtazameni vizuri, mkawaambie na wengine."