Sifuri za Mashamba ya Chini

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nimetoka tu chuo kikuu, na sikuwa naamini kitu. Hata kazi niliyopewa sikuiamini. Tulikuwa wawili katika chumba cha kupanga karibu na stesheni ya Voi: Daktari, mtafiti aliyesomea ng'ambo, na mimi msaidizi wake. Tulitakiwa kupima hasara inayoletwa na ndovu mashambani Kasigau. Serikali ilikuwa na uwezo wa kujenga kambi ya askari wa wanyamapori, moja tu, na kamati ya wilaya kule Wundanyi ilingoja ripoti yetu ili iamue ijengwe wapi: kwenye vijiji vya juu, mlimani, au vitongoji vya chini vinavyopakana na pori.

Chuoni nilikuwa nimejumlisha utafiti wangu kwa mkono, vijistari vitano vitano kwenye karatasi kubwa, na kila nilipohesabu upya nilipata jibu jipya. Majibu ya Kasigau, kinyume chake, tuliyageuza namba, yakaenda Nairobi kwa gari moshi, yakatobolewa kwenye kadi za kompyuta, na programu ya takwimu ikayamaliza yote kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Siwezi kuukana uzuri wake. Haichoki. Haichanganyi safu. Ukitaka kulinganisha hasara na umbali wa shamba kutoka porini, kisha na umri wa mwenye shamba, unaongeza mstari mmoja wa maagizo. Kwa mkono ningekufa kwa uvivu kabla ya kufikia swali la pili.

Zikarudi karatasi ndefu zenye matundu kandoni. Zilisema kwamba mashamba yaliyo karibu na pori ndiyo yaliyopata hasara ndogo kuliko yote. Zilisema hivyo kwa desimali tatu.

Daktari alifurahi. "Hapa kuna jambo jipya. Pengine ndovu hapendi kula karibu na kwake."

"Daktari, tangu lini ndovu akapima umbali?"

"Mashine haina upendeleo, kijana. Wewe unao."

"Nimeuliza tu."

"Wewe unauliza tu hata chai ikija na sukari."

Sikuweza kukaa kitini. Kwanza nilishuku watu wa juu, kwamba walikuza hasara zao ili kambi iwe yao. Nikapitia majibu yao nikitafuta uongo, nisiuone. Kisha nikashuku watu wa chini, ingawa sikujua wangedanganya kwa faida gani. Mwishowe nikadandia lori la mwenye duka mmoja, nikarudi Kasigau.

Katika kitongoji cha chini nilimkuta mama mmoja niliyewahi kumhoji, ameketi mlangoni anasuka kikapu.

"Bwana maswali, umerudi? Ulisahau kuuliza idadi ya kuku?"

Safari ya kwanza nilikuwa nimeinamia karatasi zangu muda wote. Sasa nilitazama nyuma ya nyumba yake. Hapakuwa na bua hata moja la mahindi. Vichaka vya miiba vilikuwa vimenipita kimo.

"Mama, hukupanda?"

"Nimepanda miaka na miaka nikiwalisha wale wenye miguu mikubwa. Nikachoka."

"Lakini uliniambia hasara ni sifuri."

"Uliuliza wamekula magunia mangapi. Ulitaka nikuambie wamekula miiba? Mimi ni Mkristo, mwanangu." Akacheka, kisha akaweka kikapu chini. "Askari wakija kabla ya mvua, nitafyeka nipande. Wasipokuja nitahamia Mboghoni kwa dada yangu, nikalime kibarua kwenye mashamba ya watu yenye mifereji ya maji."

Nikazunguka kwa majirani zake. Karibu wote walikuwa wameacha kulima. Kwa programu yetu, aliyevuna salama na aliyekata tamaa walikuwa mtu mmoja: sifuri.

Daktari alinisikiliza amekunja uso. "Huwezi kuongeza swali baada ya majibu kutoka. Huko ni kusaka jibu unalolipenda."

Alikuwa na haki, na hilo lilinikera zaidi. Tulibishana hadi tukakubaliana kwamba swali la ardhi iliyoachwa tutawauliza wote, wa juu na wa chini, kwa maneno yale yale. Tukauliza. Kadi zikatobolewa upya, na jedwali likapinduka: upande wa chini ndio ulioumia zaidi. Mashine ile ile, desimali zile zile tatu, bila kuona aibu.

Wundanyi, Daktari aliniachia nieleze. Nikaanza na vichaka nilivyoviona. Mwenyekiti akanikatiza: "Hayo ni maneno. Kompyuta inasemaje?" Nikafunua karatasi. Vichwa vikatikisika kukubali, na watu wa chini wakapewa kambi, ianze kabla ya mvua. Nilipaswa kufurahi kwa ajili ya yule mama, na nilifurahi. Lakini nilijua kwamba karatasi ya kwanza nayo ingetikisiwa vichwa hivyo hivyo.

Nje, mzee aliyetumwa na vijiji vya juu alinisubiri.

"Kijana, sisi tuliopanda tukaliwa, tumeshindwa na walioacha kupanda?"

Nikaanza kumweleza mambo ya uwiano na wastani.

"Sikuulizi mashine. Nakuuliza wewe. Unaamini wao wameumia kutuzidi?"

"Naamini, mzee."

"Haya. Na mimi mvua hizi nipande, au nisipande?"

Nikamwambia apande. Nilisema upesi mno. Akanitazama, akasema ataona, akaenda kutafuta gari la kumteremsha Voi. Nami nikabaki uwanjani na karatasi zangu kwapani, nikijiuliza nilikuwa nimemjibu kwa ushahidi gani.