Agent aliniambia "session iko hewani", kumbe mjamzito ananisubiri Mazingara

Wakuu, heshima kwenu, na shikamoo kwa wakubwa mliomo humu.

Hili nalisimulia kama lilivyonitokea. Sijaongeza chumvi hata punje.

Naishi Old Korogwe. Nina gari la kubebea wagonjwa na wajawazito wa vijijini. Mtu akizidiwa, iwe Magoma au Mazingara, anatuma meseji kwenye namba ya kazi, naenda.

Shida, nikiwa kwenye usukani siwezi kusoma meseji. Jamaa yangu mmoja wa kompyuta akaniwekea agent wa AI, yaani programu ya akili mnemba inayofanya kazi yenyewe, kwenye laptop nyumbani. Simu ya kazi inakaa hapo hapo kwenye chaja. Agent anasoma meseji zake kupitia muunganisho wanaouita session, akiona dharura ananitumia kwenye simu yangu ya mfukoni.

Mteja naye anajibiwa palepale: "Ujumbe umefika, dereva anataarifiwa." Hilo jibu linatoka kwenye simu yenyewe, halimtegemei agent. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Sasa siku hiyo asubuhi nilimpeleka mzee mmoja, tuliyeahidiana tangu jana yake, hospitali Handeni mjini. Nikabaki nje kumsubiri.

Jua likapanda. Simu kimya.

Nikamwandikia agent: kuna meseji?

Akajibu: "Session ilikatika alfajiri. Niianzishe upya?"

Nikaandika: restart.

"Tayari. Session iko hewani."

Nikashusha pumzi, nikaagiza chai na chapati. Lakini kimya kikaendelea. Nikamwomba dada muuza chai atume neno "gari" kwenye namba ya kazi.

Simu yake ikatoa mlio. Ujumbe umefika, dereva anataarifiwa.

Yangu, kimya.

"Mbona kwako haijaja?" akaniuliza.

Wakuu, kumbe tangu alfajiri kila aliyeomba msaada ameambiwa nataarifiwa, na mimi hata jina lake silijui!

Nikambana agent. Ndipo akakiri kwamba alichokagua ni programu kuwaka tu, hakukagua kama imeshikana na simu. Sasa anataka afute session ya zamani, halafu QR code, ile picha ya vimraba inayotokea kwenye laptop, iskaniwe upya kwa simu ya kazi. Simu iko Korogwe, mimi niko Handeni.

Nikampigia mke wangu, Mama Zaina. Hapokei. Napiga tena, hapokei. Alikuwa msibani mtaa wa pili, simu kaitia kwenye mkoba. Alipokuja kupokea sikumsalimia hata.

"Kimbia nyumbani, fungua simu ya kazi, unisomee meseji."

"Kuna nini Baba Zaina? Unanitisha."

"We kimbia tu."

Nikawa nasikia anavyohema na kandambili zinavyopiga chini. Nikasikia mlango. Akaanza kusoma, na sauti yake ikawa inashuka.

"Huyu ni Hadija wa Mazingara. Anasema, 'Uchungu umenishika, naomba gari.' Halafu tena, 'Bado tunawasubiri.' Halafu hii... Mungu wangu. 'Chupa imepasuka, mko wapi?'"

Hadija namfahamu. Uzazi wake wa kwanza alipasuliwa, na zahanati walishamwonya asithubutu kujifungulia nyumbani.

Nikampigia, hapatikani. Nikamwomba dada wa chai amwangalie mzee wangu akitoka, nikawasha gari.

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kama mwehu. Ile barabara ya vumbi naijua kila shimo, lakini siku hiyo yote niliyaingia.

Nilimkuta Hadija barazani, kakumbatia nguzo, jasho linamtiririka. Mama mkwe wake, Bibi Mwanaidi, anampepea kwa kanga. Nilisahau hata shikamoo. Tukambeba, tukamlaza kiti cha nyuma.

Hadija alikuwa hapigi kelele, anang'ata kanga. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Bibi akaniambia kwa nyuma, taratibu, "Asubuhi jirani alikuja na pikipiki. Nikamrudisha. Nikamwambia gari limeshajibu."

Nikakanyaga mafuta.

Hospitali ile ile ya Handeni walimpokea mbio, akaenda moja kwa moja chumba cha upasuaji. Tukakaa kwenye benchi, bibi anavuta uradi, mimi naangalia ule mlango. Kila ukifunguka nafunga macho.

Mwishowe nesi akatoka. "Mama mzima. Mtoto wa kiume, alikuwa amechoka sana, ila amelia."

Nikapiga magoti mbele ya bibi, nikamwomba radhi.

"Nani alinijibu asubuhi?" akaniuliza.

"Mashine, bibi. Inajibu yenyewe."

"Basi iondoe. Bora ninyamaziwe, nitafute njia nyingine."

Nimeliondoa lile jibu, wakuu. Mama Zaina aliskani QR code jioni ile ile, session ikarudi, na agent naendelea kumtumia. Ila hakuna mteja anayeambiwa "dereva anataarifiwa" kabla mimi mwenyewe sijaiona meseji yake. Na agent akiniambia "tayari", simwamini mpaka nitume meseji ya kweli niione imefika.

Mnaotumia hizi agent kwenye kazi zinazogusa uhai wa watu, mnafanyaje ili session isife kimyakimya? Naomba maarifa.

Na kama kuna anayeona nilikosea kumwacha yule mzee Handeni, aseme tu. Dada wa chai alimkalisha kivulini mpaka niliporudi, lakini bado linanisumbua.