Bei ya Kuanzia na Bei ya Mwisho

Binti mmoja wa chuo alinikuta sokoni Kiboriloni kwenye meza yangu ya viatu vya mtumba, akaniamkia, akasema anasoma mifumo ya taarifa za biashara, mwaka wa mwisho, na mradi wake haupiti bila mfanyabiashara anayeutumia kweli. Tukapatana: yeye aingize viatu vyangu kwenye kompyuta, mimi nipate wa kunishikia meza nikienda kunywa chai. Alikaa juu ya robota la mitumba, kompyuta mapajani, kitenge kikiikinga na vumbi. Kila kiatu alikigeuza soli, akakipuliza, ndipo akaandika. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliye msibani.

"Mama, hiki bei gani?"

"Inategemea nani anauliza."

Akafuta vidole kwenye sketi, akaweka nafasi mbili: bei ya kuanzia na bei ya mwisho. Nikasema huyu ana akili. Siku moja natoka kwenye chai, namkuta mama mmoja kutoka Uru, aliyelowa mvua, ameshika viatu vya shule.

"Mwanangu, mwisho ngapi?"

Binti akatazama kioo cha kompyuta, akamsomea ya mwisho, wateja wote wakisikia.

"Umetaja nini wewe?"

"Si ameuliza ya mwisho, mama?"

Nikamfukuza. Alikunja kitenge taratibu, pembe kwa pembe, akaomba walau niende chuoni kumsemea kwa mwalimu wake. Sikwenda; meza angeishika nani? Mradi ukakataliwa kwa kukosa mtumiaji, wenzake wakavaa majoho, yeye anarudia mwaka. Nami nikitaja bei ya kuanzia, wateja wananicheka: "Mama, tupe ile ya kwenye kompyuta."