Majiwe Mawili Ndani ya Mwanzi

Betri iliyochoka ikianikwa juu ya bati la moto hutoa harufu yake ya pekee, kama kutu iliyochanganyika na majivu mabichi, yenye ukali mdogo unaong'ang'ania nyuma ya ulimi. Kwetu Kabambare, katika miaka ya utoto wangu, harufu hiyo ilitangulia habari za dunia. Kila alasiri, kabla ya matangazo ya jioni, betri zilipangwa juani kando ya mikeka ya mpunga, na kuku walizidonoa wakidhani ni chakula, kisha wakaondoka wamenuna. Tuliziita majiwe. Jiwe jipya lilifika kwa baiskeli iliyosukumwa siku kadhaa kwenye matope, na lilipofika lilipokelewa kwa heshima iliyotolewa kwa chumvi. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyelitupa eti limekufa. Lilianikwa, likatobolewa kwa msumari na kunyweshwa maji ya chumvi, likaumwa kwa meno ubavuni ili litoe pumzi iliyobaki. Lilipokataa kabisa kufanya kazi peke yake, liliingizwa ndani ya mwanzi pamoja na wenzake.

Mwanzi huo nilidhani ni uvumbuzi mkuu kuliko yote duniani. Redio ya baba ilitaka majiwe manne yenye nguvu. Kwa kuwa hayakupatikana, tulipasua mwanzi kwa urefu, tukapanga ndani yake manane yaliyochoka, kichwa cha hili kikigusa makalio ya lile, tukaurudishia kifuniko chake na kuufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Waya mbili zilitoka kwenye ncha zake na kuingia mgongoni mwa redio. Wazee wanane walifanya kazi ya vijana wanne. Baba yangu, mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, ndiye aliyenifundisha sababu yake, na mimi, mwanawe wa kwanza, nilijihesabu kuwa mrithi wa chombo kile. Nilikuwa nimesoma kitabu chake cha fizikia hadi jalada likang'oka. Nilichora kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko, njia ambayo umeme hupita. Niliweza kueleza kila kitu.

Aziza hakuweza kueleza chochote. Alikuwa binamu yangu, binti wa shangazi, mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Baba yake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi na kutoka huko alituma salamu tu. Yeye na mama yake waliishi nasi uani. Siku moja redio ilikuwa imenyamaza kwa siku tatu, nami nilikuwa nimeifungua mbele ya baba na kumhutubia kuhusu kila waya. Aziza alitoka kutwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, akajipangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akaitikisa redio karibu na sikio lake mara moja, akaingiza kidole gumba mahali fulani na kubonyeza. Redio ikasema. Baba alicheka kwa furaha ambayo sikuwahi kumpa.

"Mutoto huyu iko na mukono!" alisema.

Jirani mmoja aliyekuja kusikiliza habari akaongeza, bila ubaya wowote, maneno ambayo watoto wenzangu waliyafanya wimbo: "Amisi iko na mudomo, Aziza iko na mukono." Waliniimbia nikienda mtoni, waliniimbia nikirudi. Husemwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mimi tangu siku ile nilijitembeza sana. Aziza alipoombwa na majirani kutazama tochi au saa yao, nilimfuata na kusimama nyuma yake nikieleza anachofanya, kama mkalimani ambaye hakuna aliyemhitaji. Wivu haukunijia kama hasira. Ulinijia kama njaa, pale chini ya mbavu, na haukutulizwa na chakula.

Mwisho wa mwaka ule wa shule, baba alitwambia tukiwa tunakula kwamba rafiki yake wa Kasongo, fundi wa redio, amekubali kumpokea mtoto mmoja. Mtoto huyo angelala kwake, angesoma shule ya ufundi, na jioni angejifunza kazi mezani pake. "Nitamupeleka Aziza," alisema, akimtazama dada yake. Shangazi alipiga kigelegele hadi mbwa wakabweka. Kisha baba aliniwekea mkono begani. "Wewe uko na kichwa cha vitabu, Amisi. Utasoma hapa na mimi." Alidhani ananisifu. Nilitafuna ugali wa muhogo ambao haukutaka kushuka, nikamwona Aziza akitabasamu akiangalia sahani yake, kama mtu anayeogopa kwamba furaha ikionekana itachukuliwa.

Safari ilipangwa iwe baada ya matokeo ya mtihani wa taifa. Nyakati zile matokeo yalisomwa redioni, shule kwa shule, jina kwa jina, na karatasi yenyewe ilifuata baada ya wiki nyingi. Siku ya matokeo watahiniwa wote wa baba walikuja uani kwetu, kila mmoja na kopo la poda mfukoni, kwa sababu aliyefaulu humwagiwa poda kichwani hadi awe mweupe kama aliyeangukiwa na gunia la unga. Aziza alikuwa ameuandaa mwanzi tangu asubuhi. Hakuijaribu redio, kwani sheria ya nyumba ilikuwa kutoiamsha kabla ya saa yake, majiwe yasichoke bure. Adhuhuri alikwenda mtoni kuchota maji. Baba alikuwa msikitini. Nilifungua mipira, nikaligeuza jiwe la tatu na la sita, nikaifunga tena kwa fundo lake lile lile. Nilijua vizuri hesabu yake: jiwe lililogeuzwa halinyamazi tu, hula pia nguvu ya mwenzake. Mawili yangekula mawili, na wangebaki wazee wanne wa kubeba mzigo wote. Jambo hilo nililifanya kwa elimu yangu. Hii ndiyo sehemu inayonitia aibu zaidi.

Sauti ilipokuja ilikuwa nyembamba, lakini ilikuja. Ilisoma shule za mbali, nasi tukaisogelea, watu thelathini kwa pumzi moja. Ilipotaja jina la mji wetu ilianza kuzama kama mtu anayeshuka kisimani huku akiendelea kuongea. Halafu ikakatika.

"Aziza! Tikisa! Tikisa, mama!"

"Vuta waya wa juu!"

Alitikisa. Alivuta. Kisha akafungua mwanzi, na sote tukaona: majiwe mawili yametazama upande usio wao. Kijana mmoja mrefu, mtahiniwa aliyekwisha kushika kopo lake la poda mkononi, aliruka. "Weye mutoto, umegeuza majiwe! Umetuua!" Mwingine akasema, "Mukono gani huo? Mukono wa sombe!" Watu walicheka kile kicheko cha watu walioudhika. Hapo nikajitokeza, mtulivu, nikayageuza majiwe, nikafunga mipira. Redio ikapaza sauti safi kabisa, ikisoma majina ya wilaya nyingine. Kabambare ilikuwa imepita.

"Nilipanga muzuri, mujomba," Aziza alimwambia baba, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Baba alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi wake. "Kila mutu hukosea, mwanangu," alijibu. Nilitarajia Aziza anitazame. Hakunitazama. Aliitazama mikono yake, upande wa nje, kisha viganja, kama anayekagua vyombo alivyoazima. Alikuwa amewaamini watu kuliko mikono yake.

Karatasi ya matokeo ilipofika, yule kijana mrefu alikuwa amefaulu, ila poda yake ilikuwa imekwisha kwa kupakwa mtoto mchanga wa dada yake. Walimmwagia unga wa muhogo. Aziza mwenyewe ndiye aliyesema kwamba hataki tena kwenda Kasongo. Alisema mikono yake ni ya bure. Baba alimsihi mara mbili, kisha akanipakia mimi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli pamoja na kifuko cha mchele. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu: ilinipitisha kwenye meza ya fundi, shule ya ufundi, na ikanifikisha chuo kikuu, nikarudi na shahada ya umeme.

Leo naishi Kasongo katika nyumba ambayo wageni huifananisha na duka. Nina paneli za sola juu ya bati, inveta ukutani, kompyuta mbili, simu tatu za kampuni tofauti kwa sababu mtandao wa moja ukilala huenda wa nyingine ukaamka. Mvua ikikusanyika upande wa mto Lualaba, yote hunyamaza. Simu huniomba niipe programu mpya mahali ambapo mtandao unatosha kutuma salamu tu. Vifaa hivi navipenda kama mtu apendavyo jamaa wasumbufu. Kwa miaka mingi Aziza, kila alipokuja kwa pikipiki kutoka Kabambare kuuza mawese, aliniletea simu yake. "Yaya, imekataa kula moto," alisema, akiniita kaka kwa lugha ya kwetu na akimaanisha kwamba haichaji. Niliipokea kama daktari, naye aliketi mbali kidogo na meza yangu, mikono ndani ya kikwembe.

Kiangazi kilichopita alikuja tena. Niliipima simu ile kwa nusu saa nikamwambia ni betri. Akasita. "Mi naona si betri, yaya. Ukiibana hapa chini kwa kidole, inakula. Kuna kitu kimeachana mule." Nilibana. Ilikula. Nilidhani nitaona aibu, lakini kilichotangulia ni ile njaa ya chini ya mbavu, ikiwa kijana kama siku ya wimbo. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimevaa nguo zangu mpaka nikazeeka nacho. Sitajisifu kwamba nilikiri kwa toba. Nilikiri kwa hasira, kama mtu anayetupa kikombe.

"Majiwe yale niligeuza mimi."

"Majiwe gani?"

Nikamkumbusha mwanzi, siku ya matokeo, la tatu na la sita. Jikoni mtu alikuwa akipepeta mchele, na nilisikia kila punje.

"Basi nilipanga muzuri," alisema.

"Ulipanga vizuri."

"Na mujomba amekufa akijua nilikosea."

Hakunilaani wala hakulia. Alichukua simu yake mezani, akachukua na bisibisi yangu ndogo bila kuniomba, akavifunga vyote viwili kwenye ncha ya kikwembe chake, akaenda kumtafuta mwenye pikipiki.

Tangu wakati ule, wasafiri wanaotoka Kabambare huniletea habari ambazo hawajui uzito wake. Wananiambia kuna mama barazani kwake, kati ya madumu ya mawese, anayefufua simu zilizoangukia mtoni. Hana meza wala kipimo, husikiliza tu na kubonyeza. Wachimbaji wa dhahabu humngoja kwa foleni. Zamani nilijiambia kwamba dunia yetu ilikuwa na redio moja na nafasi moja ya Kasongo, kwa hiyo lazima mmoja angekosa. Leo kila mtu ana chombo chake mfukoni, na mtoto yeyote mwenye mtandao wa nusu saa hujifunza mambo ambayo fundi wangu alinificha kwa mwaka mzima. Wivu ungepaswa kufa kwa kukosa kazi. Wangu umegundua kwamba hauhitaji uhaba. Unatosheka na jina la mtu mmoja tu.

Inveta yangu imezima wiki mbili sasa. Nimeifungua mara tatu, nimepima kila sehemu, nimesoma kurasa ambazo Aziza hawezi kuzisoma, na bado ni kimya. Mwenzangu wa kazini, asiyejua lolote, ameniambia jambo la busara kabisa: "Mupelekee yule mama wa Kabambare." Barabara sasa ni kavu na pikipiki yangu ni nzima. Nimeifunga inveta ile kwenye kiti cha nyuma mara mbili, na mara mbili nimeifungua.