Kilimia na Taa za Dagaa

Safari hii ilianzishwa na wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Niliwaonyesha picha ya Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wakulima wetu wamelijua tangu zamani, wakacheka. "Madam, hilo anga la Wazungu. Kwetu hakuna." Iliniuma. Nikaapa kuwaletea picha niliyoipiga kwa mkono wangu.

Ijumaa mchana nilitoka Buhongwa na kamera ya mtumba, stendi yake ya miguu mitatu, na mota ndogo ya kuizungusha kamera ifuate nyota. Mume wangu, Deo, aliupima mzigo kwa macho. "Ukirudi bila picha, hiyo stendi itatufaa kuanikia soksi."

Kwenye kivuko cha Nansio abiria mwenzangu aliniuliza kama mimi ni mpima viwanja. Kwa uvivu wa kueleza nikakubali. Njia nzima nikasikiliza mgogoro wake wa mpaka.

Jioni nilifika Ukerewe, ufukweni kwa shangazi yangu Bibiana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Eti umekuja kupiga picha gizani, bila hata flashi?"

"Ndiyo. Nimechagua siku isiyo na mwezi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, wavuvi wa dagaa nao wameichagua hiyohiyo."

Kweli. Dagaa hufuata taa, na taa huvuta vizuri mwezi usipokuwepo. Saa mbili usiku ziwa zima liliwaka taa. Simu yangu ilinihakikishia giza, lakini haikuwauliza wavuvi. Nilipiga picha themanini hivyohivyo, kwa hasira, huku wadudu wa ziwani wakiniingia mdomoni.

Jumapili, nyumbani, kompyuta iliziunganisha zote zikawa picha moja. Kilimia kikatokea, cha buluu, kizuri mno. Taa za wavuvi nikazifuta moja moja, kisha nikamwita Deo.

"Nzuri," alisema. "Umeipakua wapi?"

Niliitazama tena. Nilikuwa nimefuta kitu pekee kilichoonyesha kwamba anga lile ni letu. Nikazirudisha taa zote.

"Aa, hapo ni Ukerewe," Deo akasema. "Basi soksi zibaki kwenye kamba."

Jumatatu darasa zima liliinamia sehemu ya chini ya picha. Nyota hawakuzijali.

"Madam, hizi si taa za dagaa?" aliuliza Neema, ambaye baba yake huvua huko.

"Ndizo."

Akapandisha kidole polepole, kutoka kwenye taa hadi kwenye Kilimia. "Kumbe baba anavua chini ya hizi zote?"

Safari hii hakuna aliyecheka.